Ukurasa wa Mambo Yasiyolipiwa



Tunaoandika haya ni mtu na mkewe, wakazi wa Mombasa, tulio katika mwaka wa nane wa ndoa na ambao hatujaruzukiwa mtoto. Majina yetu hatutayatia, na wanaotujua twawaomba watusitiri. Kurasa hizi zimekwisha kuandika mengi kuhusu subira ya wasiopata watoto, kuhusu dua ya Nabii Zakariya (A.S.), na kuhusu ndimi za watu wakutanapo harusini. Yote hayo ni haki na yamewafaa wengi, sisi tukiwa miongoni mwao. Lakini liko jambo moja ambalo tulipolihitaji hatukumpata wa kutueleza, si barazani wala darsani, nalo ni pesa. Ni kiasi gani, hulipwa lini, kwa nini bei uliyoambiwa siyo utakayoilipa, na kadi ya bima iliyomo mfukoni hufika wapi kabla ya kusimama. Tumeona tuyaeleze kama tulivyoyapitia, pamoja na mahali ambapo sisi wenyewe kwa wenyewe hatukuafikiana.

Madaktari huhesabu kuwa pana tatizo la uzazi pale mume na mke wanapokaa pamoja miezi 12 bila ya kinga na mimba isitungwe. Mke akiwa amepita umri wa miaka 35, hushauriwa wasingoje zaidi ya miezi 6. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba katika kila watu sita, mmoja hufikwa na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake. Chukua safu moja tu ya swala ya Idi ukahesabu kwa kiasi hicho, utaona ni wangapi wanaosimama karibu nawe na hujui. Shirika hilo hilo huliita tatizo hili maradhi ya viungo vya uzazi, vya mwanamume au vya mwanamke. Neno hilo, maradhi, twaomba msomaji alihifadhi, kwani mbele litakuja kuwa na thamani ya shilingi.

Kipimo kilicho chepesi kuliko vyote, kwa bei na kwa mwili, ni cha mume. Sisi kilitugharimu 3,000 na majibu yakatoka siku ya pili. Kipimo cha mke cha kutazama mirija ya uzazi, ambapo dawa hutiwa ndani ya kizazi kisha ikapigwa picha ya eksirei, kilikuwa 12,000 na maumivu juu yake. Kipimo cha damu cha kukadiria akiba ya mayai kilikuwa 7,500, na kuonana na daktari bingwa 4,000. Jumla ya mlango wa kwanza ikawa 26,500.

Mmoja wetu, aliye mume, ndiye aliyetangulia kupimwa, akaonekana ana mbegu chache tena zenye mwendo mzito. Twalitaja hili kwa idhini yake, naye ndiye aliyeshika kalamu katika aya hii. Tunawajua wanawake wa mitaa yetu waliozungushwa kwa waganga na kwa madaktari miaka mitatu, minne, wakanyweshwa kila aina ya mizizi, ilhali mume hajawahi kuukanyaga mlango wa maabara. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mume ana sehemu yake, ama peke yake au pamoja na mke. Anayekataa kipimo cha 3,000 kwa kuona haya humlipisha mwenziwe malaki, na malaki hayo mara nyingi hutoka katika dhahabu yake mwenyewe mke.

Kwa upande wa mke, mirija ilikuwa wazi. Lakini kizazi kilikuwa na uvimbe, ule ambao wanawake wengi wa pwani wanaujua kwa jina la faibroidi, na mmoja kati yake ulikuwa umeota pahali pabaya, kwa ndani, panapostahili kukaa mimba. Daktari alisema uondolewe kwanza, kisha baada ya kupona tuzungumze habari ya upandikizaji, ile njia ijulikanayo kwa herufi tatu za IVF, ya kukutanisha yai la mke na mbegu ya mume nje ya mwili kisha kiinitete kikarudishwa kizazini.

Hapo ndipo tulipokitafuta kijitabu cha bima.

Mume ameajiriwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na kampuni huwalipia wafanyakazi na aila zao bima ya matibabu. Kadi tulikuwa nayo miaka yote, tukaitumia kwa homa, kwa meno, kwa miwani. Kijitabu chenyewe kilikuwa na kurasa 38 na kilikuwa kimelala ndani ya droo tangu siku kilipoletwa, na twadhani katika nyumba nyingi kimelala vivyo hivyo. Kurasa za mwanzo zina picha za watu wanaocheka na orodha ya yote yatakayolipwa. Ukurasa unaostahili kusomwa kwanza uko karibu na mwisho, nao una kichwa chenye maana ya mambo yasiyolipiwa. Hapo, baina ya upasuaji wa urembo na majeraha ya michezo ya hatari, ndipo tulipojikuta: matibabu ya ugumba, utungishaji wa mimba kwa njia zisizo za kawaida, na madhara yote yatokanayo na hayo.

Tulirudi nyuma kwenye ukurasa wa uzazi. Huko tuliona kwamba bima hiyo hiyo hulipa kliniki za mja mzito, hulipa kujifungua hadi 150,000, hulipa upasuaji, hulipa na matunzo ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Ilikuwa tayari kumpokea mtoto, bali haikuwa tayari kumtafuta.

Maneno yale ya mwisho, madhara yote yatokanayo na hayo, wengi huyapita bila ya kuyazingatia. Sindano za kukuza mayai huweza, kwa baadhi ya wanawake, kuzichochea ovari kupita kiasi, tumbo likajaa maji na mgonjwa akahitaji kulazwa. Mwenye mkataba kama wetu akifikwa na hayo, kampuni ya bima yaweza kusema kwamba ugonjwa huo umezaliwa na tendo lisilolipiwa, basi nao haulipiwi. Mtu na aulize swali hili kabla ya sindano ya kwanza, na ajibiwe kwa maandishi.

Sasa turudi kwenye uvimbe. Hospitali ilipeleka ombi la idhini ya upasuaji, na katika nafasi ya kueleza sababu, karani akaandika maneno machache tu: kusaidia kupata mimba. Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, nalo lilikuwa ni kukataa, kwa kutaja nambari ya kifungu cha ugumba. Tulikaa nalo siku mbili. Kisha aliye mke akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: je, mwanamke asiyetaka mtoto kabisa, naye ana uvimbe huu, na kila mwezi damu humtoka kwa siku tisa hata akakosa nguvu ya kupanda ngazi, huyo asingefanyiwa upasuaji? Maana hiyo ndiyo iliyokuwa hali yake tangu zamani, na vipimo vya upungufu wa damu vilikuwamo katika faili. Tulirudi kwa daktari, naye akaandika barua ya ukurasa mmoja. Alieleza uvimbe ulivyo, ukubwa wake, damu inayotoka, kiwango cha damu kilichobaki mwilini, na akaeleza pia, bila ya kuficha, kwamba mgonjwa anatumaini kuzaa. Bima ililipa 240,000, yote.

Twasisitiza kwamba hakikuongezwa neno la uongo. Barua ya pili ilikuwa kamili, na ile fomu ya kwanza ilikuwa na nusu ya habari. Uvimbe, mirija iliyoziba kwa maambukizi, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, homoni ya maziwa iliyopanda, mishipa ya korodani iliyovimba: hayo ni maradhi yenye majina yake na matibabu yake, hata kama mwenye kuugua hana haja ya mtoto. Mikataba mingi hulipa maradhi hayo. Kinachokataliwa ni kile kinachofanywa kwa ajili ya kutunga mimba peke yake. Mpaka baina ya viwili hivi ndipo ulipo ufahamu wote wa bima katika jambo hili, na daktari mwenye haraka hatauchora mpaka huo kwa niaba yako usipomwomba.

Kwa sababu hiyo hiyo tulilikataa jambo jingine. Baadaye, tulipokuwa tunajitayarisha kwa upandikizaji, mtu mmoja katika kliniki tuliyoiendea alitunong'oneza kwamba siku ya kutoa mayai yaweza kuandikwa kuwa ni siku ya kuondoa uvimbe wa ovari, na bima ikabeba sehemu kubwa ya gharama. Alisema wengi hufanya. Hatuna shaka alituonea huruma. Lakini huo ni uongo juu ya karatasi, wenye saini ya mume, katika mfuko ambao wenzake mia moja kazini huutegemea, na ukigunduliwa mkataba wa aila hufutwa na kazi ikaenda nao. Na zaidi ya hayo, hatukuona vipi tutainua mikono usiku kuomba mtoto mwema, na mchana wake tumemtafuta kwa hiana. Tulimshukuru, tukalipa.

Tulicholipa ni hiki. Bei ya kifurushi, ile iliyo katika karatasi nzuri ya rangi, ilikuwa 380,000. Humo mlikuwa na picha za altrasaundi, kutoa mayai kwa dawa ya usingizi, kazi ya maabara na kurudisha kiinitete kimoja. Dawa hazikuwamo. Sindano za kila siku kwa siku kumi na moja, pamoja na zile za kuzuia mayai yasitoke kabla ya wakati wake, zilifika 168,000, na hapa ndipo bei hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, kwani mwenye umri mkubwa au mwenye akiba ndogo ya mayai huhitaji dozi kubwa. Kwa kuwa mbegu za mume zilikuwa dhaifu, kila yai lilidungwa mbegu moja kwa sindano nyembamba chini ya darubini, na kazi hiyo ina bei yake, 60,000. Kugandisha viinitete vilivyobaki, pamoja na kuvihifadhi mwaka wa kwanza, 45,000. Kliniki ilikuwa Nairobi. Tulipanda gari moshi la Madaraka kutoka Miritini, daraja la kawaida, 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, mke safari tano na mume safari tatu, ikawa 24,000. Malazi hatukulipa kwa fadhila za mama mdogo aishiye South C, ambaye alitupikia uji wa mtama kila alfajiri na hakuuliza tunakwenda wapi. Ukijumlisha na vipimo vya mwanzo, yote ni 703,500. Kumbuka kwamba karatasi ya rangi ilisema 380,000.

Kwa hiyo anayeuliza bei aulize kwa namna hii: ni nini kisichokuwamo? Mzunguko ukikatizwa kwa sababu mayai hayakukua, kiasi gani hurudishwa? Tukirudi kupandikiza kilichogandishwa, ni bei gani? Sisi tuliambiwa 120,000 kwa kila safari, na 25,000 kila mwaka kwa kuhifadhi. Twamsifu mhasibu wa kliniki ile kwa kuwa alitujibu yote bila ya kuona kwamba tunamshuku.

Na serikali je? Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya ile NHIF ya zamani, na kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, ilhali asiye na mshahara hutoa kulingana na uwezo wa nyumba yake, si chini ya 300 kwa mwezi. SHA hulipa 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Upandikizaji haumo katika orodha yake ya huduma. Nchi nyingine zimekwenda mbele kidogo, wala si sana. Mtoto wa kwanza duniani aliyepatikana kwa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978, na huko tangu mwaka 2013 miongozo ya afya yapendekeza mwanamke aliye chini ya miaka 40 agharimiwe na umma mizunguko mitatu kamili. Lakini kila jimbo hujiamulia, na jamaa yetu aishiye huko alipata mmoja tu, mwenziwe wa mji wa jirani akapata miwili. Nchini Marekani, jimbo la Massachusetts lilizilazimisha kampuni za bima kuyalipia matibabu haya tangu mwaka 1987, na yako majimbo ambayo hadi leo hayana sheria kama hiyo. Hapa kwetu watoto wa kwanza wa njia hii walizaliwa Nairobi mwaka 2006. Ujuzi basi tunao karibu. Wa kuulipia ndiye hajapatikana.

Kuna upande wa dini ambao nao una gharama zake, wengine wakadhani ni mambo mawili mbalimbali. Fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980, na baadaye uamuzi wa Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Amman mwezi wa Oktoba 1986, ziliruhusu njia hii kwa sharti kwamba yai liwe la mke, mbegu iwe ya mume, kizazi kiwe cha mke huyo huyo, na ndoa iwe imesimama. Katika njia saba zilizochunguzwa Amman, tano zilikatazwa. Kliniki itakupa karatasi yenye mambo mengi, na miongoni mwake yamo mayai ya mwanamke mwingine na kizazi cha kukodi, ambayo kwetu hayana mlango. Yafaa kuyakata kwa kalamu siku ya kwanza na kutaka hakikisho juu ya namna maabara inavyoviwekea alama vyombo vyake.

Lililotuchukua muda mrefu ni viinitete vinavyobaki. Baraza hilo hilo, katika kikao cha Jeddah cha mwaka 1990, lilielekeza kwamba yatungishwe mayai ya kiasi kinachohitajika tu, ili pasibaki ziada. Daktari, kwa upande wake, alitueleza kwamba si kila yai likikutana na mbegu huishi, na kwamba kutungisha machache mno ni kukaribisha mzunguko mwingine wa malaki. Wako wanazuoni wanaoruhusu kugandisha kwa sharti kwamba kinachogandishwa kitarudi kwa mke huyo huyo ndani ya ndoa hiyo hiyo, na wako wasiopenda. Tulimwendea sheikh wetu na karatasi za hospitali mkononi, akasoma kila mstari, akauliza maswali kama mtu anayesoma mirathi. Kliniki ilitoa mayai 14, tukaomba sita tu yatungishwe. Matatu yalifika siku ya tano. Kimoja kilirudishwa, viwili viko katika baridi. Na katika fomu, penye swali la nini kifanywe mmoja wetu akifariki au tukiachana, tuliandika kwamba visitumiwe. Ni swali zito kuulizwa watu waliokuja kutafuta uhai, lakini lazima lijibiwe, na ni bora lijibiwe nyumbani kuliko mbele ya dirisha la karani.

Pesa zilitoka wapi? Hapa ndipo tulipotofautiana. Mume alitaka mkopo wa ushirika wa akiba kazini, ambao una riba, kwa hoja kwamba umri wa mke haungoji. Alikuwa na haki katika hoja ya umri: Uingereza, ambako hesabu hizi huchapishwa, kiinitete kinachorudishwa kwa mwanamke aliye chini ya miaka 35 huleta mtoto karibu mara moja katika tatu, na akifika miaka 43 au 44 huwa ni kiasi cha mara moja katika ishirini. Mke alisema hatamlea mtoto aliyeletwa na riba, hata kama ni mtoto wake. Tulibishana wiki nzima, kwa adabu, kisha si kwa adabu sana. Mwishowe tukangoja miezi kumi na minne.

Akiba yetu ikafika 260,000. Mke akauza bangili nne za mahari yake, 215,000, kwa ridhaa yake na bila ya kuombwa. Mume akaandika karatasi mbele ya mashahidi wawili kwamba hilo ni deni juu yake. Mke aliona ni mzaha. Karatasi hata hivyo ipo. Ndugu wa mume alitukopesha 110,000, karadha njema isiyo na ziada, ya kulipwa kidogo kidogo. Na 120,000 ikatoka katika mchezo wa wanawake kumi na wawili, kila mmoja 10,000 kwa mwezi, ambamo zamu ya mke ilikuwa ya kumi na moja. Mwanamke mwenye zamu ya pili, ambaye alikuwa amekusudia kuezeka nyumba kabla ya masika, alimpa yake. Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Chukua, mwanangu, mabati hayaozi."

Mavyaa wa mke alitaka kuuza kiwanja chake cha Kisauni. Tulimkatalia, na alikasirika siku nyingi. Lakini tulikuwa tumekwisha kukubaliana, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, kwamba hatutauza ardhi, na kwamba hatutazidi kutoa mayai mara mbili. Kikomo hicho tulikiweka tulipokuwa na akili zetu timamu. Mtu aliyepata jibu baya jioni si wa kuulizwa kama atauza kiwanja asubuhi.

Jibu letu lilikuwa baya. Siku ya kumi na mbili baada ya kurudishiwa kiinitete, damu ilipimwa na mimba haikuwapo. Hatutalieleza zaidi. Kwa upande wa hesabu, 703,500 haikurudi hata shilingi, wala haikupaswa kurudi, na jambo hilo aliye tayari kuanza alitie moyoni mapema. Viinitete viwili vingali pale, na inshaallah tutavirudia baada ya Ramadhani, deni la ndugu likiwa limepungua.

Tulimwuliza jamaa yetu aliyewahi kuuza bima miaka mingi kwa nini kampuni hukataa. Hakuzunguka. Alisema bima huishi kwa mambo yasiyojulikana nani yatampata. Mtu mmoja mmoja akiuziwa bima ya ugumba, watakaoinunua ni wale tu wanaokwisha kujua kwamba watahitaji, na mfuko utakauka mwaka wa kwanza. Hata katika takaful, ambamo watu huchanga kwa nia ya kusaidiana, orodha ya yasiyolipiwa ipo na yapaswa kusomwa. Lakini, akasema, katika bima ya pamoja ya kazini mambo ni mengine. Hapo huingia wote, vijana na wazee, wenye watoto saba na wasio na hata mmoja, na mchango wa mia mbili hubeba haja ya watu wachache. Mwajiri akitaka, huweza kuomba kifungu kile kilegezwe: walau vipimo vilipiwe, walau dawa, au kiasi maalumu kwa aila mara moja katika maisha. Kampuni ya bima itataja bei yake. Shida, alisema, ni kwamba hakuna mfanyakazi anayekwenda ofisini kuomba, kwa kuwa kuomba ni kujitaja.

Mume alikaa na maneno hayo mwezi mzima. Kisha akaandika ombi la nusu ukurasa kwa meneja wa wafanyakazi, lisilotaja hali ya mtu yeyote, likiomba kwamba mkataba utakapofanywa upya mwezi wa Januari, bei ya kuongeza vipimo na dawa za uzazi iulizwe. Aliliacha katika chumba cha chai, juu ya meza, na kalamu kando yake. Alidhani litakuwa na saini yake peke yake. Jioni ya tatu lilikuwa na saini kumi na moja. Nne ni za watu wenye watoto wakubwa. Mbili ni za mabarobaro ambao hawajaoa. Moja ni ya bwana mmoja wa idara ya mahesabu, aliyekaa naye meza moja miaka sita, na ambaye siku zote, watu wakiuliza habari za nyumbani, hujibu alhamdulillahi na kubadilisha mazungumzo.

Meneja amelipokea. Amesema ataulizia bei.